Mikono Mingi, Kazi Ikachelewa

Kila askari aliyepata kuchimba handaki anajua kwamba kazi ile hugawanyika. Watu kumi wenye sepeto hufanya kwa saa moja yale ambayo mtu mmoja angeyafanya kwa saa kumi, madhali kila mmoja ana mahali pake pa kusimama na hana haja ya kumwuliza jirani yake neno. Lakini mama mwenye sufuria moja ya wali jikoni hapati wali upesi zaidi kwa kuwaita majirani sita wamsaidie. Huenda akapata wali uliotiwa chumvi mara tatu.

Kazi ya kuandika programu, yaani yale maagizo marefu yanayoiambia kompyuta la kufanya hatua kwa hatua, imo katika fungu la sufuria. Kampuni ya IBM ya Marekani ilijifunza jambo hilo kwa gharama kubwa. Mwezi Aprili 1964 ilitangaza jamii mpya ya kompyuta iliyoitwa System/360. Ilihitajika programu kuu ya kuziendesha, OS/360, na msimamizi wa kazi hiyo alikuwa Bwana Frederick Brooks. Katika kilele chake kazi ile ilikuwa na watu zaidi ya 1,000, na baina ya 1963 na 1966 ilikula jasho la watu wapatao 5,000 kwa mwaka mzima. Pamoja na hayo yote ilichelewa, ikagharimu mara kadhaa ya makisio, na matoleo ya kwanza yakawa na kasoro tele.

Kiini cha matatizo ni mazungumzo. Waandishi watatu wanaotegemeana wana njia tatu tu za kupashana habari. Wakiwa kumi, njia huwa 45. Wakiwa 50, huwa 1,225. Kila njia hutaka muda, na ni muda huohuo uliokusudiwa kwa kazi. Tena mgeni aletwaye katikati hajui lolote: sharti afundishwe, na mwenye kumfundisha ni yule fundi ambaye kazi haiendi bila yeye. Ndiyo maana Bwana Brooks, katika kitabu alichokitoa mwaka 1975, alikata shauri kwamba kuongeza watu katika kazi ya programu iliyokwisha chelewa huichelewesha zaidi. Mkuu yeyote aliyepata kuomba msaada dakika za mwisho, akaletewa watu wasioijua hata njia ya ghala, hatashangaa.

Kisa kimoja alichokisimulia mwenyewe chastahili kuangaliwa. Ilibidi kuandikwa maelezo kamili ya jinsi programu itakavyoonekana kwa mtumiaji. Mkuu wa wabunifu alikuwa na watu kumi hodari, akasema wataimaliza kwa miezi kumi, yaani miezi mitatu kupita muda uliopangwa. Mkuu mwingine alikuwa na watu 150. Yeye aliahidi kumaliza kwa wakati, akaongeza kwamba kazi wakipewa wale kumi, watu wake watakaa mikono mitupu. Mkuu wa wabunifu alionya kwamba wale 150 nao watachelewa miezi mitatu ileile, na kazi yao itakuwa duni. Hoja ya mikono mitupu ikashinda, kama ishindavyo katika ofisi nyingi. Onyo likatimia lote. Na Bwana Brooks alikisia kwamba uamuzi ule uliongeza mwaka mzima wa kusaka makosa.

Mwenzake katika kampuni ile, Harlan Mills, alipendekeza mpango uliofanana na chumba cha upasuaji. Daktari mmoja hushika kisu. Wengine humpa vifaa, hutunza kumbukumbu, hupima na humsaidia kufikiri. Vivyo hivyo fundi mmoja mkuu aandike programu, na watu kama tisa wamzunguke, kila mmoja na wajibu wake. Nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Wako walioonyesha nguvu ya uchache. Mwaka 1969, katika maabara ya Bell huko New Jersey, Ken Thompson alianza kuandika Unix, na Dennis Ritchie akashirikiana naye. Kazi ya kikundi hicho kidogo ilienea vyuoni na viwandani, na simu nyingi za mkononi za leo huendeshwa na programu zilizofuata mfano wake.

Lakini mtu asidhani uchache ni dawa ya kila ugonjwa. Kazi ya miaka 5,000 ya mtu mmoja, wakipewa watu kumi, ingechukua miaka 500. Na hata kila mmoja wao angekuwa na uwezo wa watu kumi, bado ingekuwa miaka 50, na kompyuta zenyewe zingekwisha kuwa chuma chakavu. Kazi kubwa hutaka watu wengi. Litakiwalo ni kuwagawa kama jeshi ligawavyo kombania katika platuni na platuni katika seksheni, ili mtu azungumze na wachache walio karibu naye, na ubunifu wa kazi nzima ubaki katika vichwa viwili vitatu.

Bwana Brooks alipoondoka IBM kwenda kufundisha Chuo Kikuu cha North Carolina, mkuu wa kampuni, Thomas Watson mdogo, alimwuliza kwa nini kuongoza waandishi wa programu ni kugumu kuliko kuongoza waundaji wa mitambo. Jibu lilichukua karibu miaka kumi. Ndilo lililokuwa kile kitabu cha 1975.