MAMA ALIYETAFUTA DAWA YA MALARIA

Malaria ni ugonjwa tunaoujua sote. Huletwa na vijidudu vinavyoingia mwilini mtu anapoumwa na mbu. Zamani tulimeza klorokwini. Baadaye vijidudu viliizoea, ikawa haiviui tena. Mwaka 2006 Tanzania Bara ilianza kutumia dawa mseto. Je, dawa hii ilitoka wapi?

Chanzo chake ni China. Mwaka 1969 mtaalamu wa dawa, Mama Tu Youyou, alipewa kazi ya kuongoza kikundi cha kutafuta dawa ya malaria. Alisoma vitabu vya zamani. Aliwauliza waganga wazee. Alikusanya maelezo ya dawa zaidi ya 2,000.

Mmea mmoja mchungu, wa jamii ya pakanga, ulionyesha nguvu kidogo. Lakini mara ulifaa, mara haukufaa. Mama Tu alirudi kwenye kitabu kilichoandikwa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Kitabu kilisema: loweka majani katika maji, yakamue, kisha unywe. Hakikusema yachemshwe. Akawaza, "Labda moto ndio unaoharibu dawa."

Basi akaitoa dawa bila moto mkali. Mwaka 1971 dawa hiyo iliua vijidudu vyote katika panya wagonjwa. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliinywa kwanza wao wenyewe, ili wajue kama ina madhara. Ndipo wakawapa wagonjwa, nao wakapona.

Mwaka 2015 Mama Tu alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, pamoja na wataalamu wengine wawili. Tuzo hiyo hutolewa Sweden kwa wataalamu waliowafaa binadamu. Alikuwa na umri wa miaka 84.

Ndugu msomaji, dawa mseto ni dawa mbili katika kidonge kimoja. Vijidudu vinavyoachwa na dawa ya kwanza huuawa na ya pili. Kwa hiyo pima damu kwanza. Ukiwa na malaria, meza dawa yote kwa siku 3, hata kama homa imekwisha. Usimwekee jirani vidonge vilivyobaki. Vijidudu vinavyobaki mwilini huizoea dawa. Tukiipoteza hii kama tulivyoipoteza klorokwini, watoto wetu watatibiwa kwa nini?

Maswali
1. Kwa nini klorokwini iliachwa?
2. Mama Tu alijifunza nini katika kitabu cha zamani?
3. Kwa nini tumalize dawa hata tukijisikia vizuri?