Beringi na Breki za Mbele za Gari-nyumba la Zamani

Beringi za magurudumu ya mbele ya gari-nyumba la zamani mara nyingi huharibiwa zaidi na kusimama kuliko mwendo. Magari haya, kama vile Winnebago na mengine ya Marekani yaliyojengwa juu ya chesisi ya P30 ya Chevrolet kuanzia miaka ya 1970 hadi 1990, hukaa uani miezi mingi bila kusogea. Kiangazi kikifika hujazwa maji, gesi, vyombo na abiria, kisha hupandishwa milimani. Gari likishajaa linaweza kupita tani 6, na ekseli ya mbele peke yake ikabeba tani 2. Ndiyo maana ratiba ya matengenezo inayohesabu kilomita tu hupotosha. Kalenda ina uzito zaidi.

Kila gurudumu la mbele huzunguka juu ya beringi mbili, kubwa kwa ndani na ndogo kwa nje, zenye rola za umbo la koni. Mwaka 1898 Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi wa St. Louis, alipata hataza ya beringi ya aina hii. Rola iliyolala mshazari hupokea mizigo miwili kwa pamoja: uzito unaoshuka wima, na msukumo wa pembeni gari linapokata kona. Lakini beringi hii haijirekebishi yenyewe. Nafasi kati ya rola na ringi zake huamuliwa na nati moja, na ubora wa kazi yote hutegemea mkono unaoikaza nati hiyo.

Grisi ni mafuta yaliyoshikiliwa na sabuni, mara nyingi ya lithiamu. Gari likikaa muda mrefu, mafuta hujitenga polepole na kuchuruzika chini. Joto la mchana na baridi ya usiku huvuta unyevu kupita kwenye sili iliyokakamaa. Maji hujificha pale hasa rola inapogusa ringi, na kutu huchora mistari iliyoachana kwa umbali uleule wa rola. Safari ikianza, kila rola huyagonga makovu hayo, na chuma huanza kubanduka vipande vidogovidogo.

Kabla ya kufungua chochote, gari huegeshwa kwenye sakafu ngumu, magurudumu ya nyuma hukingwa, na chesisi huwekwa juu ya stendi zinazoumudu uzito huo. Jeki hainyanyui gari ili mtu afanye kazi chini yake. Gurudumu hushikwa juu na chini na kutikiswa. Likicheza, msaidizi hukanyaga breki: mchezo ukitoweka, kasoro iko kwenye beringi, ukibaki, ichunguzwe mifupa ya usukani na viungio vyake. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na huokoa beringi nyingi zinazobadilishwa bila kosa.

Gurudumu likishatoka, kalipa hufunguliwa na kuning'inizwa kwa waya. Ikiachwa ining'inie kwa mpira wa breki, mpira huo huumia kwa ndani bila kuonekana. Kisha hutoka kifuniko cha vumbi, pini, nati, washa na beringi ya nje, na habu huvutwa pamoja na diski yake. Beringi huoshwa kwa mafuta ya taa na kukaushwa bila kuzungushwa kwa upepo wa kompresa, kwa sababu rola kavu zikienda kasi hukwaruzana na zinaweza hata kuruka. Halafu chuma husomwa. Rangi ya buluu ni dalili ya joto kupita kiasi, madoa ya kahawia yaliyopangana ni unyevu, vishimo ni uchovu wa chuma. Beringi yenye dalili yoyote kati ya hizo hubadilishwa pamoja na ringi yake ya nje, kwani rola mpya kwenye ringi iliyochakaa hazidumu. Sili hubadilishwa kila mara.

Grisi mpya, ya daraja la 2 na ya kuhimili joto la breki za diski, husukumwa kutoka upande mpana wa rola mpaka itokeze upande mwembamba. Mabaki ya zamani huondolewa yote, maana grisi za sabuni tofauti zikichanganyika zinaweza kuwa majimaji. Habu haijazwi mpaka pomoni. Grisi ikipata joto hutanuka na kutafuta njia kupitia sili, kisha huishia kwenye pedi.

Kwenye kukaza, pupa huharibu kazi. Utaratibu wa kawaida wa General Motors ni kukaza nati kwa takriban nyutoni-mita 16 huku gurudumu likizungushwa ili rola zikae sawa, kuilegeza, kuikaza tena kwa vidole tu, kisha kuirudisha kidogo mpaka tundu la pini lilingane. Mchezo unaobaki ni milimita 0.03 hadi 0.13. Pengo hilo dogo ni la lazima: habu hupata moto na kutanuka, na beringi iliyobanwa tangu mwanzo hujipika. Pini huwa mpya.

Moto huo hutoka hasa kwenye breki. Gari la tani 6 likisimamishwa kutoka kilomita 80 kwa saa hutoa nishati ya megajuli 1.5 hivi, inayotosha kuchemsha karibu lita 5 za maji, na sehemu kubwa hubebwa na diski za mbele kwa kuwa uzito huegemea mbele. Unene wa chini unaoruhusiwa umechapwa kwenye diski yenyewe. Ikishuka chini ya hapo, kuikereza tena ni kuzidisha hatari. Vumbi la pedi za zamani linaweza kuwa na asbesto, hivyo hulowanishwa na kufutwa, halipulizwi kamwe.

Pistoni ya kalipa hurudishwa na ringi ya mpira inayojikunja breki ikikanyagwa na kujinyoosha ikiachiwa. Kutu ikiikamata pistoni, pedi haziachii. Mpira wa breki uliovimba kwa ndani huleta ugonjwa uleule: shinikizo la mguu hupita, lakini mafuta ya breki hayarudi. Mafuta yenyewe hunyonya maji kutoka hewani. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishapata maji ya asilimia 3.7, kiwango hicho huwa 140. Mvuke hubonyea, na pedali huzama kwenye mteremko. Ndiyo sababu mafuta hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, hata pedi zikiwa nene.

Pistoni inaporudishwa ndani, nipo ya kutolea hewa hufunguliwa ili uchafu usisukumwe kwenye masta silinda. Hewa hutolewa kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi. Baada ya safari fupi ya majaribio, joto la habu mbili hulinganishwa, na upande uliozidi kwa dhahiri hufunguliwa upya.