Sauti ya Kapkatet iliyovuka bahari

Mwimbaji wa opera mwenye soprano, yaani ile sauti ya juu kabisa ya kike, anapoanza kung'ara, jina lake hutangulia sauti yake. Huandikwa kwenye mabango, kwenye mikataba na kwenye majalada ya rekodi. Katika nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet mambo yaliwahi kwenda kinyume: sauti ya msichana ilizunguka dunia, jina lake likabaki maandishi madogo kwenye lebo.

Jina hilo ni Chemutoi Ketienya. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet, akamrekodi akiimba na wasichana wenzake kwa chepkong, ala ya nyuzi iliyo jamaa ya nyatiti ya Waluo. Wimbo uliitwa "Chemirocha".

Asili ya jina la wimbo ni kisa chenyewe. Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, hakuwahi kutumbuiza Kericho. Zilizofika huko ni santuri zake, zikiletwa na wageni. Katika vinywa vya Wakipsigis, J ya Kiingereza iligeuka CH, na Jimmie Rodgers akawa Chemirocha. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana hao walimwona kuwa kiumbe nusu mtu nusu mnyama, mwenye miguu ya swala, wakamhimiza aruke na kucheza hadi nguo zimtoke.

Mwaka 1954 Tracey alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika nchini Afrika Kusini, ambayo sasa imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Makhanda. Rekodi ya Kapkatet ilihifadhiwa humo, na wimbo ukapata wapenzi Ulaya na Marekani. Katikati ya miaka ya 2010, maktaba hiyo na shirika la Ketebul Music la Nairobi zilirudisha nakala Kapkatet. Zaidi ya miaka 60 ilikuwa imepita.

Lililobaki ni suala la haki. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki katika rekodi ya sauti hudumu miaka 50. Kwa hesabu hiyo, muda wa rekodi ya mwaka 1950 ulimalizika mwishoni mwa 2000, kabla hata sheria yenyewe haijatungwa.

Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni imefuata njia nyingine. Huitambua jamii kuwa mwenye mali, na huzipa serikali za kaunti jukumu la kuweka sajili ya mali hiyo.

Sajili hiyo yaweza kuzilinda nyimbo za wazee. Kwa msichana anayeimba leo, kinga ya kwanza ni mkataba wenye jina lake, uliotiwa saini kabla ya rekodi kuondoka kijijini.