Kulipia Seva kwa Saa

Ninatunza mifumo ya kompyuta ya vyama vya ushirika vya kahawa na shule kadhaa. Ofisi yangu iko Bugene, lakini nina wateja Kayanga, na wengine mbele huko Nkwenda, upande wa Kyerwa. Makatibu na wahasibu wao huniuliza jambo lilelile: seva ni ileile, mbona bili ya mwezi huu imepanda?

Huwa naanzia kwenye Luku, maana kila mmoja wao ana mita nyumbani. Huduma za wingu, yaani kompyuta na hifadhi za kampuni nyingine unazotumia kupitia intaneti, nazo zina mita. Machi 2006 Amazon ilipofungua huduma yake ya kuhifadhi data, S3, ilitoza senti 15 za dola kwa kila GB kwa mwezi, bila kumtaka mteja anunue mtambo wowote. Tangu hapo kampuni nyingine zimefuata mtindo huo. Ila Luku ina uzuri mmoja: uniti zikiisha, umeme unakatika. Bili ya wingu huja baada ya matumizi, tena kwa dola. Ukiweka kiwango cha bajeti, kwa kawaida unachopata ukikivuka ni barua pepe ya onyo. Seva inaendelea kuwaka na deni linaendelea kukua.

Mita yenyewe inahesabu nini? Kwanza, muda ambao seva imewashwa, hata kama hakuna mtu aliyeingia kwenye mfumo. Tuchukulie seva ya senti 5 za dola kwa saa. Ikiwaka mwezi mzima ni saa 720, sawa na dola 36. Ofisi inayofunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, siku 26 kwa mwezi, inahitaji saa 260 tu, dola 13. Kwa dola moja ya shilingi 2,500, hiyo ni 32,500 badala ya 90,000. Kwa chama kidogo, tofauti hiyo ni pesa ya kutafutwa.

Pili, hifadhi. Diski inalipiwa hata seva ikiwa imezimwa, na nakala za akiba za kila usiku hulimbikizana zisipowekewa muda wa kufutwa. Tatu, data inayotoka. Kupakia kumbukumbu kwa kawaida ni bure; kuzipakua kwa wingi ndiko kunakotozwa. Hata anwani ya seva kwenye intaneti ina bei: tangu Februari 2024 Amazon inatoza nusu senti ya dola kwa saa kwa kila anwani ya aina ya zamani, inayoitwa IPv4.

Pamoja na hayo, mtindo huu naupenda, na sababu ni kahawa. Kuanzia Mei wakulima wanaleta kahawa ya maganda. Karani anapima gunia, anaingiza kilo na jina la mkulima, na foleni nyuma yake haipungui. Seva ndogo inazidiwa. Tunaiongeza nguvu kwa miezi ya msimu, kisha tunaishusha. Chama kingenunua mashine yake, kingenunua kubwa ya kutosha msimu, halafu ingekaa miezi mingi bila kazi ya maana. Shule inayotumia mfumo mwaka mzima hesabu yake ni tofauti: hiyo naishauri ifunge mkataba wa mwaka mmoja, kwani bei ya saa hushuka sana.

Ninachosisitiza kwa viongozi ni kwamba ankara imfikie mhasibu moja kwa moja, yenye kila kifaa na gharama yake. Sisi mafundi tunaangalia kama mfumo unafanya kazi. Mhasibu anauliza pesa imekwenda wapi.

Mhasibu mmoja, mama mtu mzima aliyezoea vitabu vya stakabadhi, alinipigia baada ya kupata ankara yake ya pili.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hii diski ya GB 200 ni ya nani? Sioni kazi yake.”

Tuliifungua pamoja. Ilikuwa ya majaribio, imeachwa na fundi aliyejenga mfumo kabla yangu, na chama kilikuwa kimeilipia kila mwezi tangu siku hiyo. Aliniamuru nihamishe orodha mbili za wanachama zilizokuwemo, kisha niifute akiwa bado kwenye simu.