Nyongeza za gemu zisizo na kufuli: Kwa nini ni adimu, na mzazi ajue nini

Mtoto wa miaka 13 anamfuata mama yake sebuleni na ombi. Anataka anunuliwe ndege mpya ya kurusha kwenye gemu lake la kompyuta. Mama anashangaa, gemu si lilishanunuliwa?

“Lile ni gemu, mama. Hii ni nyongeza,” anajibu. Kisha anashusha sauti: rafiki yake anayo, na yuko tayari kumwekea bure kwenye flashi.

Hapo ndipo wazazi wengi hukwama. Kwenye magemu ya urubani, nyongeza moja inaweza kuuzwa bei kubwa kuliko gemu lenyewe. Na ya bure iko mlangoni.

Nyongeza ni nini?

Ni faili linaloongeza kitu ndani ya gemu: ndege, uwanja, ramani au nguo za wahusika. Nyingine hutengenezwa na kampuni yenye gemu. Nyingi hutoka kwa watu wa nje, pengine kijana mmoja na kompyuta yake.

Mtu huyu wa nje ana njia mbili za kuuza. Ya kwanza ni kuweka kufuli, yaani namba ya leseni au programu inayouliza kwanza kwenye seva kama mtumiaji amelipa. Ya pili ni kuuza faili wazi, linalofunguka popote.

Kwa familia, faili wazi lina unafuu. Kompyuta ikiharibika, mtoto analihamishia kwenye nyingine. Bando likiisha, linafanya kazi. Muuzaji akifunga biashara, alichokilipia mzazi kinabaki. Duka la GOG la Poland limeuza magemu kwa mtindo huu tangu 2008. Lakini kwa watengenezaji wa nje, kuna vikwazo.

Ruhusa ya mwenye gemu

Kikwazo cha kwanza ni sheria. Mwaka 1998, mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua kesi ya kampuni ya Micro Star, iliyokusanya hatua 300 za gemu la Duke Nukem 3D zilizobuniwa na wachezaji, ikaziweka kwenye CD na kuziuza. Wachezaji walikuwa wameruhusiwa kubuni hatua hizo, lakini si kuzifanyia biashara. Mahakama ilisema hatua hizo ni mwendelezo wa hadithi ya gemu, na hadithi ina mwenyewe. Micro Star ikashindwa.

Kwa hiyo mtengenezaji wa nje huanza kwa kuuliza kama mwenye gemu anakubali kazi hiyo iuzwe, na kwa masharti gani.

Soko dogo, flashi moja

Kikwazo cha pili ni hesabu. Nyongeza hununuliwa na mwenye gemu tu, na si wote wanaoitaka. Katika soko dogo namna hiyo, kila nakala ya bure inaonekana kwenye mapato.

Wanamuziki wetu wanalijua hili vizuri. Wimbo uliotumia miezi studio huingizwa kwenye memori kadi kwa sekunde chache, na aliyeutunga haoni hata shilingi. Faili la gemu lisilo na kufuli husafiri vivyo hivyo.

Wateja waliozoea bure

Kikwazo cha tatu ni mazoea. Aprili 2015, kampuni za Valve na Bethesda ziliruhusu nyongeza za wachezaji wa gemu la Skyrim ziuzwe. Mbunifu alipata asilimia 25 ya bei. Wachezaji, ambao kwa miaka walikuwa wakizipata bure, walikuja juu. Yakaibuka pia malalamiko kwamba baadhi ya zilizouzwa zilitumia kazi za watu wengine. Ndani ya siku chache mpango ulifutwa na wateja wakarudishiwa fedha zao.

Hofu inapozidi

Ndiyo maana wengi hukimbilia kufuli. Lakini nalo lina hatari zake.

Februari 2018, wateja wa FlightSimLabs, kampuni inayotengeneza ndege za magemu ya urubani, waligundua faili geni ndani ya programu ya kusakinisha ndege yake aina ya A320. Faili hilo lilikuwa na uwezo wa kuchukua nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari cha Chrome. Kampuni ilikiri kuliweka, ikaeleza kuwa lililenga kumnasa aliyetumia namba ya leseni ya wizi, na kwamba wateja halali hawakuguswa. Baada ya kelele za wateja, liliondolewa.

Hata hivyo, faili hilo lilikuwa limeingia pia kwenye kompyuta za watu waliolipa kihalali.

Nako kwenye nyongeza za bure si salama moja kwa moja. Juni 2023, programu hasidi ya kuiba nywila iligunduliwa ndani ya baadhi ya nyongeza za gemu la Minecraft, tena kwenye tovuti zinazofahamika. Faili la flashi, lisilojulikana limepitia mikono mingapi, ni la kuogopwa zaidi.

Mzazi afanye nini?

• Kabla ya kulipa, soma masharti. Je, nyongeza inahitaji intaneti kila inapofunguliwa? Inaruhusu kuhamishiwa kompyuta nyingine? Fedha inarudishwa isipofanya kazi?

• Programu ikitaka uzime kinga ya virusi ili isakinishwe, simama hapo hapo.

• Mfungulie mtoto akaunti yake kwenye kompyuta, isiyoweza kusakinisha kitu bila nywila yako.

• Usihifadhi nywila za benki wala barua pepe kwenye kivinjari cha kompyuta ya magemu.

• Ukihisi nywila zimeibwa, zibadilishe ukitumia kifaa kingine. Anza na ya barua pepe, kwa sababu ndiyo hufungua akaunti nyingine zote.

• Usimfokee mtoto aliyekuja kukwambia. Akiogopa, safari ijayo atasakinisha kimyakimya.

Mtoto akikuta nyongeza nzuri inayouzwa bila kufuli kwa bei mnayoimudu, inunueni. Kisha mweleze kwamba aliyeitengeneza angeweza kuifunga, ila amemwamini mnunuzi. Akiwagawia rafiki zake wote kwa flashi, huenda mtengenezaji huyo asitengeneze nyingine, au ya pili akaifunga.

Na lile ombi la sebuleni? Jibu linaweza kuwa, “Subiri mwisho wa mwezi, tutainunua. Hiyo ya flashi mrudishie mwenzako.”