Nani Yuko Nyumbani Saa Saba Mchana?

Ratiba ya matangazo, yaani mpangilio unaoamua kipindi gani kirushwe saa ngapi, hutegemea makisio kuhusu nani yuko karibu na redio au televisheni kwa saa fulani na mikono yake inafanya nini. Usiku makisio hayo ni mepesi, kwa sababu watu wengi wamesharudi, wamekaa, na wanangoja chakula. Ugumu uko mchana, pale jamii inapotawanyika, mmoja shambani, mwingine sokoni, mwingine darasani, na mwenye kituo analazimika kubuni sura ya mtu asiyemwona. Katika Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, ambako asubuhi ya ukungu huwakuta watu tayari wamo kwenye chai, migomba na viazi, au wamekwenda kukata majani ya ng'ombe, sura iliyobuniwa Marekani ya mtazamaji wa mchana ilichelewa kufika, na ilipofika haikumkuta mtu nyumbani.

Sura hiyo ilichorwa kwanza redioni. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mitandao mikubwa ya Marekani kama NBC na CBS, yaani makundi ya vituo vilivyounganishwa ili virushe kipindi kilekile kwa wakati mmoja katika miji mingi, ilizichukulia saa za mchana kuwa ni za kujazia tu, kwa kuwa wadhamini walikimbilia usiku. Waliozithamini walikuwa watengenezaji wa sabuni. Mwaka 1930 mwandishi Irna Phillips alianza kuandika mchezo wa mfululizo uitwao Painted Dreams kwa ajili ya kituo cha WGN cha Chicago, na mwaka 1933 kampuni ya Procter & Gamble ya Cincinnati ikaanza kudhamini mchezo wa Ma Perkins ili kuuza sabuni yake ya unga ya Oxydol. Msikilizaji aliyekusudiwa alikuwa mama wa nyumbani anayefua, anayepika na kupiga pasi huku redio ikiongea pembeni, na ndiyo maana visa vilitambaa polepole na mambo yaleyale yakarudiwa siku baada ya siku, ili aliyetoka nje kuanika nguo asikute hadithi imemwacha. Mchezo mmoja wa aina hiyo, The Guiding Light, ulianza redioni mwaka 1937, ukahamia kwenye televisheni mwaka 1952, na haukukoma hadi mwaka 2009.

Michezo ya zawadi ilijiunga na tamthilia hizo kwa sababu ya bei. Kipindi ambacho washindani hujibu maswali au kukisia bei ya jokofu hakihitaji waigizaji wa kulipwa wala mandhari mpya kila juma, vipindi kadhaa huweza kurekodiwa kwa siku moja ndani ya studio moja, na jokofu lenyewe mara nyingi hutolewa na mtengenezaji wake ili litajwe hewani. The Price Is Right ilianza NBC mwaka 1956 na kurudi upya CBS mwaka 1972, Jeopardy! ya Merv Griffin ilizaliwa mwaka 1964 ikiwa kipindi cha mchana, na Wheel of Fortune ikafuata mwaka 1975, vyote vikiwekwa saa ileile siku tano za juma ili mtazamaji avizoee kama anavyozoea kengele ya shule. Michezo ya usiku, yenye fedha nyingi zaidi, ilikuwa imechafuka mapema: mwaka 1958 ilianza kufichuka kwamba katika Twenty-One na vipindi vingine vya chemsha bongo baadhi ya washindani walipewa majibu kabla, na mwaka 1959 Charles Van Doren, bingwa aliyependwa na taifa zima, alikiri hivyo mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Sheria ya mwaka 1960 ikaufanya udanganyifu wa namna hiyo kuwa kosa la jinai.

Tanganyika ilifuata njia nyingine. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951 chini ya ukoloni, na mwaka 1965 shirika lililoirithi likawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, chombo cha serikali ambacho, ingawa kilikuwa na Idhaa ya Biashara iliyopokea matangazo ya wauzaji, ratiba yake haikupangwa na muuza sabuni. Aliyekisia hapa ni dola, na mtu aliyemwona katika makisio yake alikuwa mkulima na mfanyakazi, si mama aliyefungiwa jikoni. Majina ya vipindi vya RTD yanaonyesha hilo bila kificho: kulikuwa na Wakati wa Kazi, kulikuwa na Mchana Mwema, na Ugua Pole kikawafikia wagonjwa waliolazwa hospitalini, ambao kwa kweli ndio watu pekee ambao mtangazaji angeweza kuapa kwamba mchana huo hawakutoka. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikwenda mbali zaidi, kwani badala ya kuotea watu walipo iliwakusanya, wapatao milioni 2 nchi nzima, katika vikundi vya kusikiliza redio pamoja, kila kikundi na kiongozi wake na kitabu cha kujifunzia.

Kilichofanana zaidi na mchezo wa zawadi katika redio hiyo kilikuwa vipindi vya salamu. Msikilizaji alinunua kadi ya salamu dukani, akajaza jina lake na anwani ya sanduku la posta, akaorodhesha ndugu na marafiki anaowasalimu, akaongeza ujumbe na wimbo aliouchagua, kisha akaiposta Dar es Salaam na kuanza kungoja, siku au miezi, kusikia kama imechaguliwa. Kulikuwa na gharama ya kushiriki, kulikuwa na bahati, na kulikuwa na ushindi, ambao ni kutajwa jina hewani nchi nzima ikisikia. Wapo waliotuma kadi nyingi mno hata majina yao yakajulikana mikoa ambayo hawakuwahi kukanyaga, wakaunda na vyama vya watuma salamu. Kwa mtangazaji hesabu ilikuwa nzuri kuliko hata ile ya Marekani: mshiriki alijilipia mwenyewe, na zawadi haikugharimu kituo hata senti.

Tamthilia ya mfululizo nayo ilipofika ilibadilishwa saa. Mwezi Julai 1993 RTD ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI uliofuata mbinu iliyobuniwa Mexico na Miguel Sabido, ambaye aliamini kwamba watu hujifunza kutokana na wahusika wanaobadilika taratibu mbele yao. Ulikuwa mtoto halali wa Ma Perkins, wenye visa vya mapenzi, magomvi ya nyumba na mwisho unaoning'inia, lakini uliwekwa saa kumi na mbili na nusu jioni, mara mbili kwa juma. Mchana ungepotea bure. Mwanamke wa Rungwe aliyekusudiwa na mchezo kama huo hafui kwa mashine karibu na redio. Huenda yuko kwenye mistari ya chai akiwa na kikapu mgongoni, na majani mabichi ya chai hayalali, sharti yachumwe, yapimwe na yafike kiwandani, Katumba au Mwakaleli, kabla hayajaharibika, kwa hiyo ratiba yake ya mchana huamuliwa na gari la kubeba majani. Wataalamu waliopima matokeo ya mchezo huo waliliacha eneo la mtambo wa Dodoma bila kuurusha kwa miaka miwili ya mwanzo, hadi 1995, ili walilinganishe na maeneo mengine, na walikuta kwamba palipousikia matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka.

Televisheni ilikuwa bado haijafika Tanzania Bara wakati huo. Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Kenya tangu 1962 na Uganda tangu 1963, lakini serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona kuwa anasa ya wachache wa mjini. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa watu binafsi, na mwaka 1994 vikatokea ITV ya Reginald Mengi, DTV na CTN, huku televisheni ya taifa ikisubiri hadi kuingia kwa karne mpya. Vituo vya mwanzo katika ukanda huu, vya serikali na vya binafsi, viliishi jioni. Mchana ulijazwa polepole, na kwa vitu vya bei nafuu: matangazo ya mashirika ya nje yaliyopokelewa kwa satelaiti na kurushwa kama yalivyo, marudio ya vipindi vya usiku uliopita, muziki. Hata tamthilia ya Isidingo ya Afrika Kusini, iliyowafunga Watanzania wengi mbele ya ITV, na michezo ya vikundi kama Kaole, ilitazamwa kama chakula cha usiku. Kwa Tukuyu, mji wa Wilaya ya Rungwe, kulikuwa na kikwazo cha ziada, kwa kuwa mawimbi ya televisheni ya nchi kavu husafiri kwa mstari ulionyooka na safu ya Uporoto imesimama kati ya mji huo na Mbeya, kwa hiyo mwenye nyumba kwenye bonde alihitaji mlingoti mrefu wa antena, au dishi, na kabla ya hapo alihitaji umeme, jambo ambalo kwa vijiji vingi lilisubiri miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007.

Kipindi kimoja cha asubuhi na mchana kilipata watazamaji wa kweli bila mdhamini wa sabuni wala zawadi, nacho ni Bunge. TBC1, televisheni ya taifa, iliporusha moja kwa moja maswali na majibu kutoka Dodoma, na baadaye Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014, watu walisimama kwenye maduka na mahoteli kuangalia wabunge wakitoleana ukali. Mwezi Januari 2016 Waziri wa Habari Nape Nnauye alitangaza kwamba matangazo hayo ya moja kwa moja yangesitishwa na badala yake kurushwa muhtasari uliorekodiwa, usiku. Gharama ndiyo iliyotajwa kwanza, lakini hoja nyingine ya upande wa serikali ilikuwa kwamba saa hizo wananchi wako kazini. Wapinzani walisema ni njia ya kuwanyima watu habari. Ni nadra kwa swali la nani yuko nyumbani mchana kujadiliwa waziwazi namna hiyo na watu wenye madaraka ya kulijibu kwa amri, na ni vigumu kutoona kwamba kama kweli hakuna aliyekuwa akitazama, kelele zisingekuwa kubwa vile.

Michezo ya zawadi ya Afrika Mashariki, kwa upande wake, karibu yote iliukimbia mchana. Kenya ilikuwa na Omo Pick-a-Box, ambamo sabuni ya unga ilirudi kudhamini mchezo wa kuchagua kati ya fedha mkononi na kisanduku kilichofungwa, mchezo ambao Waaustralia waliujua tangu mwaka 1948. Baada ya hapo mdhamini akabadilika, sabuni ikaiachia nafasi simu. Shindano la vyuo vikuu la kampuni ya Celtel, baadaye Zain, lililoongozwa na John Sibi-Okumu, liliwakutanisha wanafunzi wa Kenya, Uganda na Tanzania kwa maswali ya haraka yaliyoigwa kutoka College Bowl ya Marekani. Bongo Star Search ya Rita Paulsen ilitafuta waimbaji na kuwaomba watazamaji wapige kura kwa ujumbe mfupi. Maisha Plus, kuanzia mwaka 2009, iliwaweka vijana kijijini, na shindano la Mama Shujaa wa Chakula la Oxfam, lililoanza mwaka 2011 na kuja kuungana nayo, liliwapeleka wanawake wakulima mbele ya kamera ili kilimo chenyewe kiwe mashindano. Mtu ambaye ratiba za mchana zilimkosa kwa sababu yuko shambani alifanywa mshiriki, kisha akaonyeshwa saa ambazo ametoka shambani. Kati ya michezo yote iliyotajwa hapa, huo ndio uliomfikiria mtazamaji wa Rungwe kwa makini zaidi. Bahati nasibu za simu kama Tatu Mzuka na Biko, zilizoibuka mwaka 2017 chini ya leseni za Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, hazikumfikiria hata kidogo, kwa kuwa hazikumhitaji awe popote, droo ilichezwa na ujumbe ukamfuata mfukoni.

Mitambo ya analojia ya Mbeya ilizimwa mwishoni mwa Aprili 2013, ving'amuzi vikaingia, na mwezi Desemba mwaka huohuo Azam TV ikaanza kushusha chaneli zake kwa satelaiti, jambo lililoondoa kikwazo cha milima kwa yeyote mwenye dishi na fedha ya kifurushi. Mchana wa Rungwe bado uko mikononi mwa redio, ikiwamo redio jamii ya Chai FM iliyopo wilayani humo, kwa sababu redio, au simu yenye redio, huning'inizwa kwenye tawi na kazi ikaendelea. Televisheni ya mchana ipo, lakini imetoka nje ya nyumba, iko saluni, mgahawani, stendi, na hasa kwenye vibanda umiza, vyumba vyenye mabenchi na kiingilio kidogo ambako watazamaji wengi ni wanaume na vijana, kinyume kabisa cha yule mama wa nyumbani wa Marekani. Ratiba yao haipangwi Dar es Salaam. Mechi ya mapema ya Jumamosi katika Ligi Kuu ya Uingereza huanza saa sita na nusu mchana kwa saa za London, ambayo Tukuyu ni saa nane na nusu wakati wa kiangazi cha huko. Na mwisho wa Oktoba, Waingereza wanaporudisha saa zao nyuma, mechi hiyo husogea hadi saa tisa na nusu, na mwenye kibanda hufuta muda wa zamani kwenye ubao wa chaki ulioegeshwa mlangoni na kuandika mpya.