Lebo ya Gunia na Lebo ya Ukurasa



Katika mkutano uliopita liliulizwa swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Chama kilitoa fedha zake kutengeneza tovuti, ili wageni wapendao kutembelea mashamba yetu ya mikarafuu na kununua asali yetu wapate kutujua. Mbona basi mtu akitafuta katika simu yake hatuoni? Tena imetufikia barua ya mtu atakaye alipwe kila mwezi, atie ndani ya kurasa zetu maneno mia mbili yatakayotufanya tuwe wa kwanza. Halmashauri imeona si vyema kupiga kura juu ya jambo tusilolifahamu, kwa hiyo twalieleza hapa.

Kila mkulima ajua ya kuwa gunia lililofungwa halisemi. Karafuu iliyomo huenda ikawa ya daraja la kwanza, nyekundu na kavu, au huenda ikawa imechanganywa na makonyo. Anayepita nje hajui mpaka asome lebo. Ukurasa wa tovuti nao una lebo zake. Zimeandikwa sehemu ya juu ya ukurasa, mahali ambapo msomaji hapaoni lakini mashine huyasoma yaliyomo. Hizo ndizo ziitwazo lebo za meta.

Mtambo wa kutafutia, kama vile Google, hautoki kuzunguka duniani kila mtu aulizapo. Umekwisha kutuma programu zake mbele, zikafuata viungo kutoka ukurasa hadi ukurasa, zikasoma, na yaliyosomwa yakatiwa katika faharasa kubwa. Mtu aulizapo, hujibiwa kutoka katika faharasa hiyo. Basi ukurasa usiomo katika faharasa ni kama gunia lililobaki shambani: hata likiwa jema, halitauzwa.

Lebo zinazotuhusu ni nne.

Ya kwanza ni kichwa cha ukurasa. Wataalamu hawakihesabu kuwa meta hasa, lakini hukaa pamoja nazo, na ndicho chenye kazi kubwa kuliko zote. Kwa kawaida ndicho kinachoonekana kwa maandishi makubwa katika orodha ya majibu, na mtambo hukitumia kufahamu ukurasa unahusu nini. Kurasa zetu zote zilikuwa na kichwa kimoja: "Karibu". Je, nani aliye ulimwenguni atafutaye neno hilo akikusudia mikarafuu? Kichwa kifaacho ni kama hiki: "Matembezi ya Shamba la Mikarafuu, Wete, Pemba". Kina herufi 45 pamoja na nafasi na vituo. Hakuna kipimo kilichowekwa, lakini kikizidi herufi 60 hivi huenda kikakatwa mwishoni. Kila ukurasa uwe na kichwa chake. Wa asali useme asali, na wa matembezi useme matembezi.

Ya pili ni maelezo, yaani sentensi mbili hivi zinazoweza kuonekana chini ya kichwa. Hapa pana jambo ambalo wengi hukosea. Maelezo hayaupandishi ukurasa juu ya orodha. Google wenyewe walilisema hilo mwaka 2009. Kazi yake ni kumvuta mtu aliyekwisha kuuona achague wetu na kuacha wa mwingine. Yafaa yasizidi sana herufi 150. Kwa mfano: "Tembelea shamba la mikarafuu karibu na Wete, Pemba. Katika msimu utaona karafuu zikichumwa na kuanikwa. Matembezi ya saa mbili kwa miguu."

Tazameni maneno "katika msimu". Mwenzetu mmoja alitaka yaondolewe, akisema yatawapunguza wageni. Sisi hatukukubali. Mgeni akija wakati mikarafuu haina kitu atajiona amedanganywa, naye atakwenda kuwaambia wenziwe. Isitoshe, mtambo ukiona maelezo hayalingani na yaliyomo, huyaacha na kujichagulia maneno mengine kutoka ndani ya ukurasa. Lebo isiyo ya kweli haimfai muuzaji wala mnunuzi.

Ya tatu ni lebo ya maneno ya kutafutia, na hiyo ndiyo biashara ya yule aliyetuandikia barua. Zamani ilikuwa na nguvu. Katika miaka ya 1990, wakati wa mitambo kama AltaVista iliyofunguliwa mwaka 1995, mwenye ukurasa aliweza kuorodhesha maneno, na baadhi ya mitambo ikamwamini. Wajanja hawakukawia: mtu akauza viatu lakini akaandika majina ya watu mashuhuri, tena akalirudia neno moja mara hamsini. Hatimaye lebo hiyo haikuaminika tena. Mwezi wa Septemba 2009 Google ilitangaza wazi ya kuwa haiitumii kabisa katika kupanga majibu yake. Kwa hiyo mtu akitaka fedha zetu leo kwa ajili ya kuijaza, atuuzia gunia tupu.

Ya nne ni amri kwa mashine, na hapa ndipo tulipogundua kosa letu wenyewe. Kuna lebo iitwayo robots, na ndani yake likiandikwa neno noindex, mtambo huelewa ya kuwa ukurasa huu usitiwe katika faharasa. Ni amri yenye manufaa kwa kurasa za faragha au zisizokwisha kutengenezwa. Fundi wetu aliiweka wakati wa kujenga tovuti, akasahau kuiondoa siku ya kuifungua, nasi hatukujua kukagua. Miezi yote hiyo tulikuwa tukiilaumu Google, kumbe mlango tumeufunga kwa ndani!

Kijana wa mwanachama mmoja ndiye aliyeliona. Aliufungua ukurasa katika kompyuta, akabonyeza Ctrl na U pamoja, yakatokea maandishi yote yaliyofichika, na neno hilo likiwamo karibu na juu. Kila mwenye tovuti yake na afanye hivyo leo hii. Neno hilo limekwisha kuondolewa katika kurasa zetu, lakini msitazamie kuonekana kesho. Mtambo hauna budi kurudi kusoma tena, na huenda zikapita siku au hata majuma. Google ina huduma isiyolipiwa, Search Console, ambamo mwenye tovuti huweza kuomba kurasa zake zisomwe na kuona kama zimetiwa katika faharasa. Katibu amekwisha kuomba.

Kuhusu lugha, mgeni kutoka ng'ambo haandiki "karafuu" katika simu yake. Kurasa za Kiingereza ziwe na lebo za Kiingereza, na za Kiswahili ziwe na za Kiswahili. Tusizichanganye katika lebo moja.

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli sokoni, ambako karafuu njema hujulikana kwa harufu yake. Lakini mashine haina pua. Hatuna budi kuiambia tulicho nacho, kwa ufupi na kwa ukweli. Na lebo peke yake haitoshi. Mtambo huutazama pia ukurasa wenyewe, na kama tovuti nyingine zenye sifa zinatutaja. Tukiwa na lebo nzuri juu ya ukurasa mtupu, hatutafika mbali.

Kwa hiyo Halmashauri yashauri mambo mawili. Kwanza, ile barua ya maneno mia mbili ijibiwe kwa adabu ya kuwa hatuhitaji. Pili, kila mwanachama apokeaye wageni shambani kwake aandike sentensi mbili: shamba liko wapi, na mgeni ataona nini na wakati gani. Azilete kwa Katibu kabla ya mkutano ujao, tuzisome pamoja. Asiandike ya kuwa shamba lake ni kubwa kuliko yote kisiwani, kwani tunalijua.